Isijulikane

Elfu kumi na nne na mia tano nimeziacha Kariakoo,
duka la tatu baada ya wauza nyuzi,
ili nywele zangu zionekane hazijafanywa kitu.
Kijana alinifungia unga wa bluu kwenye karatasi
na kichupa cha maji yanayonuka kama choo cha shule,
akasema: dada, michirizi iwe myembamba,
ukizidisha utakuwa punda milia.

Jumapili, Tabata Kimanga. Umeme umekatika toka saa tatu,
feni imenyamaza, redio ya jirani imenyamaza.
Nimekaa uani, kioo nimekiegemeza kwenye ndoo.
Foili ya kuokea samaki nimeikata vipande.
Vaselini kwenye paji, vaselini nyuma ya masikio.
Bakuli la plastiki, si la bati:
bati na dawa hii haviivi chungu kimoja.

Nilianza na uzi mmoja, karibu na sikio.
Ulikuwa mweusi tii.
Ukawa kutu. Ukawa ganda la chungwa.
Nikabana pumzi
mpaka ukafika pale nilipopataka:
chai ya rangi ndani ya glasi, juani.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.
Nesi Egidia, miaka thelathini na mmoja kliniki ya watoto;
amestaafu yeye, macho yake bado yako kazini.
Akauinua ule uzi kwa kidole, akaupeleka kwenye mwanga.
"Rangi hii naijua," akasema.
"Tulikuwa tunaiandika kwenye kadi."

Akasimulia kama anayesoma daftari:
watoto waliokuja migongoni,
miguu imevimba, mashavu yamejaa maji
ukadhani ni afya,
na nywele za kahawia, nyepesi kama ndevu za mahindi,
ukizivuta zinakuja bila ubishi.
"Kuna waliojivuna, mwanangu ana nywele za kizungu.
Ni mimi niliyekuwa wa kuwaambia,
mama, hiyo ni njaa.
Wewe umeitolea hela."

Ningemjibu nini?
Kwamba mimi rangi hii naikumbuka kwingine,
darasa la sita, mwaka wa netiboli,
jua liliponibabua ncha za nywele
na kwa muhula mmoja tu nikajiona
kuna kitu kimenichagua?
Sikumjibu. Nikaendelea.
Kushoto rahisi, kulia taabu,
kisogoni mkono haufiki na kioo ni kimoja.
Foili ikaanguka. Nyingine nayo.

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.
Aliingia ndani, akarudi na ile saa yake
ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini,
akavaa glavu, pa, pa,
akanipokonya kitana.
"Kaa wima. Usitingishike."

Alichambua kama anayetafuta mshipa wa kichanga:
uzi, ruka. Uzi, ruka tatu. Uzi.
Nikamwambia apange vizuri, sawa kwa sawa.
"Jua halina rula," akasema,
akaendelea kuruka anavyojua.

Dakika ishirini na tano kwa saa yake,
nikaomba mbili zaidi, akaninyima.
Kisha maji ya ndoo, kata baada ya kata,
shingo yangu kwenye kiganja chake,
mafuta ya nazi kidogo,
taulo lililopauka siku nyingi, halina cha kupoteza.

Umeme ukarudi. Redio ya jirani
ikaanzia katikati ya tangazo la magodoro.
Nikageuza kichwa huku, nikageuza kule:
mtu angesema nimetoka tu sokoni mchana, bila mwavuli.

"Imekaaje?"

Hakutazama nywele.
Alinishika mkono, kati ya bega na kiwiko,
dole gumba na kidole cha kati,
akaupima.
"Umekula lakini?"

Nikasema nimekula.
Akaokota mwiko wake, akaupuliza vumbi,
akaenda kunipakulia.